Viwanja vya usiku Dar: fuata bendi na siku yake, usifuate jengo

Mtoto wa Kondoa:

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Kila wikiendi ikikaribia lazima atokee mtu aulize humu: "Nipo Dar siku tatu, niende kiwanja gani?" Anapewa majina kumi. Nusu ya viwanja hivyo vilishafungwa, vingine vimebadilisha jina na mwenyewe, na mgeni wa watu anashushwa na bodaboda saa nne usiku mbele ya geti lenye kufuli. Nimeona tufungue uzi mmoja, kila anayejua kitu akiweke hapa.

Naanza na ninachokiamini. Dar ukitaka usiku wenye maana, usifuate jengo. Fuata bendi, na ujue siku yake na mahali inapopiga wiki hiyo. Majengo ya starehe ya mji huu hayadumu. Bilicanas pale katikati ya mji, kuna kizazi kizima kilichojifunzia disko mle ndani. 2016 wakafungasha, na baadaye jengo likavunjwa. Sinema ya Drive-in ilifunguliwa 1966, watu wanaenda na gari, watoto wamelala kiti cha nyuma. Leo pale ni ubalozi wa Marekani. Ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, uliopewa jina la Mgiriki George Arnautoglu, wazee wetu walilicheza dansi mle mpaka soli za viatu zikaisha. Waulize vijana wa leo kama wanajua hata maana ya hilo jina.

Sasa angalia upande wa pili. Msondo ilizaliwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika ikaitwa JUWATA Jazz, kikabadilika tena ikaitwa OTTU Jazz, na siku hizi ni Msondo Ngoma tu. Imehama kumbi ambazo siwezi kuzihesabu. Lakini tarumbeta zikiingia, hata ukiwa nje ya ukuta bado unalipa bajaji, unajua uko kwa nani.

Mimi nimezaliwa Magomeni Kondoa, karibu na ukumbi wa DDC. Baba alikuwa fundi cherehani na alikuwa anashona sare za bendi. Nakumbuka mashati ya rangi ya maziwa yamening'inia kwenye kamba chumbani, kumi na mawili, kila moja lina karatasi imebandikwa kwa pini: "solo", "besi", "tumba", "mwimbaji mnene". Jumamosi mchana nilikuwa natumwa kuzipeleka. Nikifika nakuta vyombo vinafungwa, fundi mitambo anagonga maikrofoni kwa kidole, "moja, mbili, moja", na mpiga tumba amekaa peke yake kwenye kreti anajifunga plasta vidoleni, kidole kimoja kimoja, bila haraka, kama bondia. Nilimuuliza kwa nini anafunga kabla hajaumia. Akaniambia, "Saa nane usiku hakuna atakayenifunga." Mimi dansi nililipendea pale kabla sijajua hata wimbo mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni:

Ulizia bendi, si ukumbi. Piga simu au muulize dereva bajaji wa maeneo hayo mchana wa siku hiyohiyo, maana ratiba zinabadilika.

Usifike mapema ukasema pamepoa. Bendi huanza kwa kupasha, vipande vya ala tupu visivyo na mwimbaji, meza zikiwa bado wazi. Moto wenyewe ni kuanzia saa tano. Lakini kama unapenda kusikiliza kwa kweli, basi njoo mapema, saa tatu usiku. Ndipo wapiga magitaa wanapopiga wanavyotaka wenyewe, kwa sababu hakuna anayewadai wimbo.

Kaa upande wa besi. Mbele katikati spika zitakula masikio na hutasikia chochote ila kelele. Upande wa besi unaona mikono ya watu.

Na lipa kiingilio. Usianze kutafuta baunsa unayemjua.

Nawasilisha. Wenye ya kwao waongeze, na ya taarabu, singeli na ufukweni mimi siyo mtu wake, nawaachia wenyewe.

Mgeni wa Mbeya:

Asante sana mkuu. Mimi ndiye hasa mtu uliyemwandikia, nashuka Dar Ijumaa kikazi na Jumapili jioni narudi. Nina miaka 29, nimekulia Bongo Fleva, bendi nimeona kwenye harusi tu, tena nyingi zinapiga kinanda kimoja. Swali: sitaonekana kituko kuingia peke yangu kwenye ukumbi wa wazee? Na watu wanavaaje?

Mtoto wa Kondoa:

Mdogo wangu, wazee wanafurahi kuliko unavyodhani. Shati safi, suruali, kiatu kinachoteleza kidogo sakafuni. Raba nzito zinakukamata mguu. Kaa, agiza kinywaji chako, na salimia meza ya jirani kabla hujakaa. Ukishasalimia umeshakuwa mwenyeji. Kucheza si lazima, lakini wimbo ukifika sehemu ya pili, kubaki umekaa kutakushinda.

Halafu ujue kuna upinzani humo ndani. Msondo na Sikinde ni kama Simba na Yanga, mtu hashabikii zote mbili. Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, ilianza 1978 kwenye baa iliyoitwa Mlimani Park, na baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Walioianzisha walitoka bendi nyingine zilizokuwa juu wakati huo, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo aliyekuwa NUTA tangu mwanzo. Unaweza kufikiria maumivu ya watu wa Msondo. Mzee Gurumo baadaye akapita bendi ya OSS, yaani Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo, na huko ndiko tulikomzoea mpaka alipotutoka Aprili 2014. Majina yote mawili, msondo na sikinde, yametoka kwenye ngoma za jadi za huku pwani. Kwa hiyo hata ukikuta gitaa la umeme na saksafoni, chini kabisa kuna ngoma ya kijijini inayotembea.

Kukiwa na onyesho la bendi zote mbili jukwaa moja, hasa sikukuu, acha kazi zako zote uende.

Mzee Besi:

Nimesoma nikaona niandike ingawa macho yamechoka. Nilipiga besi miaka kumi na tisa kwenye bendi moja ya shirika. Sitaitaja.

Vijana wa sasa hawajui kwamba bendi nyingi zile zilikuwa mali ya taasisi. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, jeshi Mwenge Jazz, JKT Kimulimuli, Umoja wa Vijana Vijana Jazz, Shirika la Bima Bima Lee, hata UDA ya mabasi ilikuwa na UDA Jazz. Gitaa, ampi, saksafoni, gari la kubeba vyombo, vyote vya mwajiri. Mwanamuziki analipwa mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Ndiyo maana tuliweza kukaa asubuhi tatu tukirudia kipande kimoja cha magitaa mpaka kikae. Muda ule ulikuwa umeshalipiwa.

Mashirika yalipoyumba na mengine kufa, vyombo vilikuwa vya nani? Mwenye gitaa la taasisi alirudisha gitaa stoo na yeye akarudi nyumbani. Bendi zilizobaki zikategemea mlango. Mlango ukiwa mbaya wiki mbili, mpuliza saksafoni anaenda kutafuta hoteli ya kupigia peke yake, na bendi ikipoteza mpulizaji haimpati mwingine kirahisi, kwa sababu hakuna anayejifunza. Hilo la kulipa kiingilio alilosema kijana hapo juu siyo adabu tu. Ukilipa shilingi elfu tano mlangoni ndiyo nauli ya mpiga rithim kurudi Mbagala.

Sasa nikueleze wewe mgeni wa Mbeya utakachosikia, maana ukijua unasikia mara mbili.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kisa. Mwimbaji anaeleza jambo: mke kaondoka, ndugu wamegawana mali ya marehemu, rafiki kageuka. Magitaa yanatembea polepole chini yake. Watu hawachezi sana, wanasikiliza, na utaona wengine wanatikisa kichwa kama wanaambiwa jambo la nyumbani kwao. Ya pili ni chemko. Solo anabadilisha kipande, solo la pili linamjibu, rithim anakaza, tarumbeta zinaingia kwa pamoja, hizo wengine mnaziita midomo ya bata. Hapo kisa kimeisha, kimebaki cha miguu.

Sikiliza solo la pili. Kila mtu anamtazama mpiga solo kwa sababu amesimama mbele anarembua, lakini anayejenga nyumba ni yule wa katikati ambaye hata jina lake halitajwi. Anapiga kipande kifupi, noti nne au tano, anakirudia dakika sita bila kukosea wala kuongeza. Ukimtoa yeye, muziki wote unabaki na matundu.

Na besi ya dansi inaacha nafasi. Haipigi kila mahali. Ile nafasi ndiyo inayokuinua kitini.

Mtoto wa Kondoa:

Mzee, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Hilo la mshahara na mazoezi ya asubuhi sikuwahi kulifikiria hivyo.

Binti Tandika:

Marahaba kwa wadogo, shikamoo Mzee Besi.

Mmezungumza dansi kama vile wanawake hatutoki usiku. Mimi ni mtu wa taarabu tangu sijaolewa, na nawaambia kumbi za taarabu ndizo ambazo mwanamke wa Dar anaingia akiwa amejaa. Unaona meza nzima ya akina mama, mashoga kumi, sare moja, harufu ya udi mpaka mlangoni. Nani atawasumbua?

Taarabu ya Dar ina historia yake, tusidhani kila kitu kimetoka Unguja. Kulikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club hapahapa mjini zamani sana, kabla mama yangu hajazaliwa. Miaka ya tisini ndipo ikalipuka, kundi la TOT na Khadija Kopa upande mmoja, kundi la Muungano na Nasma Khamis Kidogo upande wa pili, mipasho inarushwa wiki hii na kujibiwa wiki ijayo, na mji mzima umegawanyika. Halafu ikaja ya kisasa, Jahazi na wenzao, vinanda na magitaa, na watu wakaanza kuinuka kucheza badala ya kukaa wima kama zamani.

Mgeni akienda taarabu lazima aelewe kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji pesa, vinginevyo atashangaa usiku kucha. Mtu haendi kumtunza mwimbaji kwa sababu sauti ni nzuri tu. Anangoja ubeti. Mstari unaosema lile lililomkaa rohoni ukifika, ndipo anainuka, anatembea taratibu kwa madaha, noti ameishika juu ionekane, anapita mbele ya meza anayoikusudia, ndipo anafika kwa mwimbaji. Yeye hajasema neno. Kaimbiwa, kalipa, karudi kukaa. Na aliyekusudiwa anajua.

Nilishaona mama mmoja, mtu mzima kabisa, amekaa saa tatu nzima hajainuka hata mara moja. Mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Nikadhani amelazimishwa kuja. Ukapigwa wimbo mmoja wa zamani, ubeti wa tatu, unaozungumzia mtu aliyevumilia mpaka mwisho. Akafungua mkoba, akatoa noti mpya ya elfu kumi aliyokuwa ameikunja mara nne, akainuka. Ukumbi ulimpisha. Alifika kwa mwimbaji, akaikunjua ile noti kwanza, akainyoosha kwa vidole, ndipo akaiweka. Machozi yanamtoka na anatabasamu. Sikuwahi kujua kisa chake na sikuuliza.

Kwa wanawake wenzangu mnaotoka: nendeni wawili na kuendelea, mjue mnarudije kabla hamjaenda, dereva wenu mwenye namba mnayoijua. Kinywaji chako kifunguliwe mbele yako. Simu iwe ndani ya nguo, siyo mezani. Yangu ilichukuliwa kiwanja kimoja nikiwa nimeigeuzia mgongo kwa muda wa kuvaa viatu tu. Na mwendokasi ni wa kwendea, msiutegemee kurudia saa nane usiku.

Kijana wa Manzese:

Wakubwa heshima kwenu. Naomba niongee la kwetu maana naona mnakaribia kufunga mlango.

Singeli haiko kwenye kumbi zenu kwa sababu haikuzaliwa ukumbini. Imezaliwa uchochoroni: Manzese, Tandale, Mburahati. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, kinanda kidogo cha Casio kinachopita kwenye spika za honi mpaka sauti inakwaruza, na ngoma za Kizaramo chini. Jagwa Music wameupeleka mpaka Ulaya ukiwa vilevile, haujapakwa poda. Singeli ikachukua huo moto, ikachukua vipande vya taarabu, ikaviendesha mbio, mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika. Studio ya Sisso pale Mburahati kazi zao zilitolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege ya Uganda, na wazungu wakaanza kutuuliza sisi wenyewe singeli ni nini. Huku nyumbani Msaga Sumu na Man Fongo walishaifikisha kwenye majukwaa makubwa.

Mahali pake pa kweli ni shughuli ya mtaani. Kigodoro. Maturubai mawili yamefunga njia, taa za rangi zimefungwa kwenye nguzo, mafundi wa spika wanazipanga moja juu ya nyingine. MC haimbi wimbo uliokaririwa tu, anataja watu waliopo. Anakuona umevaa shati jekundu, mstari unaofuata una shati jekundu. Kwa mbio ile! Jaribuni kutunga mstari unaoeleweka kwa kasi hiyo halafu mseme hakuna sanaa.

Mgeni usiende peke yako. Nenda na mtu wa mtaa husika, usitoe simu kupiga picha za watu hovyo, na ukiona vurugu imeanza upande mmoja ondoka, usikae kushangaa. Serikali za mitaa na polisi huvizuia mara nyingi, kwa hiyo usishangae ikikatishwa.

Mzee Besi:

Kijana, nakubaliana nawe kuhusu MC. Sisi tulikuwa na muda wa kutunga. Yeye hana.

Jirani wa Baa:

Mimi nitaonekana mharibifu wa shughuli, lakini nina haki ya kusema. Ninaishi ukuta kwa ukuta na baa moja, sitaitaja. Nilijenga mimi kwanza, baa ikaja baadaye. Wameweka spika nne zimeelekea kwangu kwa sababu upande wa pili kuna hospitali ndogo. Mtoto wangu alikuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba, tulikuwa tunamlaza kwa shangazi yake Kimara kuanzia Ijumaa. Nimekwenda kwa mjumbe, nimekwenda serikali ya mtaa, nimezungumza na meneja uso kwa uso, kijana mstaarabu kabisa, ananiitikia "ndiyo mzee", wiki mbili kimya, ya tatu wanarudi palepale.

Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na NEMC, baraza la mazingira, wamezifungia baa kadhaa hapa Dar kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mkitaja viwanja "vyenye maana", naomba muweke na hiki: kiwanja chenye maana ni kile ambacho jirani yake analala.

Mtoto wa Kondoa:

Mzee wangu, pole sana, na hujaharibu chochote. Nakuunga mkono moja kwa moja.

Mimi nililala jirani na DDC utoto wangu wote, lakini ule ulikuwa ukumbi. Una kuta, una paa, na bendi ina kumi na kitu wanaosikilizana wao kwa wao, hawawezi kupiga kupita kiasi maana wakizidisha hawajisikii. Baa nyingi za sasa ni paa la makuti na kuta hakuna, di-jei mmoja na mashine inayoweza kusikika mpaka kata ya pili. Tena sauti kubwa namna ile haimfurahishi hata aliyelipa. Watu wanakaa mezani wanaandikiana meseji wakiwa wamekaa pamoja. Mimi kiwanja nikiingia nisiweze kumwambia mhudumu niletee maji akanisikia, natoka.

Mkaa Mikocheni:

Kwa ufupi tu, wasioenda baa nao wana usiku wao. Nafasi Art Space ipo Mikocheni tangu 2008, wachoraji wana karakana zao mle na kuna jioni za muziki na maonyesho. Unaweza kwenda na watoto. Alliance Française na Goethe-Institut, zote Upanga, huwa na maonyesho ya muziki ambapo sauti imepangwa na watu waliosomea. Coco Beach jioni, mihogo ya kukaanga na pilipili, miguu mchangani, hauhitaji mwaliko. Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama yapo tangu 1966 na ngoma zinachezwa kwenye nyumba za asili, ila huo ni mchana.

Na Leaders Club Kinondoni Jumapili kukiwa na bonanza: mpira wa maveterani mchana, nyama choma, bendi jioni, na unarudi nyumbani mapema ukaamkie kazi. Mimi hiyo ndiyo naiona saizi yangu.

Binti Tandika:

Leaders umesema kweli, tena pale hata mwenye mtoto mgongoni anafika.

Mtoto wa Kondoa:

Niongeze kizazi cha katikati maana tumekiruka. African Stars, Twanga Pepeta, chini ya Asha Baraka, waliibeba Dar miaka ya elfu mbili, na Jumamosi ya Mango Garden Kinondoni ilikuwa kama sala. Wanenguaji mbele, rapa anataja mapedeshee kwa majina, na pedeshee akitajwa lazima ainuke. Mimi binafsi nilichoka kutajiwa matajiri katikati ya wimbo. Lakini wapigaji walikuwa wapigaji kweli, na bendi ile iliwafundisha kazi vijana wengi kuliko chuo chochote. FM Academia nao, na Akudo, wenye damu ya Kikongo. Na Kilimanjaro Band, Wana Njenje, ambao zamani walikuwa The Revolutions: ukitaka bendi ya watu wazima wasiopiga kelele, wanaocheka wakiwa jukwaani, hao hapo.

Mgeni wa Mbeya:

Wakuu nimerudi Mbeya jana usiku, naandika kabla sijasahau.

Jumamosi nilifanya kama mlivyosema. Nilimuuliza dereva bajaji mchana, akaniambia bendi yenyewe siku hiyo haiko pale nilipodhani, imepewa ukumbi mwingine huko Temeke. Angekuwa hajaniambia ningekuwa mbele ya kufuli. Nilifika saa tatu na nusu, nikalipa elfu tano, nikasalimia meza ya jirani, wazee watatu na mama mmoja. Nikakaa upande wa besi.

Saa tano hivi, katikati ya wimbo, umeme ukakatika. Giza. Magitaa yakafa palepale, mwimbaji akabaki na mdomo wazi. Lakini tumba haikusimama. Wala drams. Tarumbeta nazo hazihitaji umeme, zikaendelea. Watu wakawasha tochi za simu, wakaanza kuuimba wenyewe ubeti uliokuwa umekatika, ukumbi mzima, wazee kwa sauti zao nzito. Mimi siujui ule wimbo, lakini yule mama wa meza ya jirani alikuwa ananitamkia maneno sikioni kabla hayajafika ili niimbe pamoja nao. Jenereta liliwaka baada ya kama dakika nne. Na magitaa yalirudi mahali palepale, siyo mwanzo wa wimbo, palepale, kama vile walikuwa wanapiga kimoyomoyo muda wote.

Mzee Besi, nilimtafuta mpiga solo la pili. Amevaa kofia, amekaa kwenye stuli, hakuinua kichwa usiku kucha. Noti tano. Nilizihesabu. Naomba uniambie, wakati wa giza alikuwa anafanya nini? Maana nilimmulika na tochi nikaona vidole vyake bado vinatembea kwenye nyuzi.

Mzee Besi:

Alikuwa anapiga. Gitaa bila umeme linasikika kwa anayelishika. Akiacha vidole, umeme ukirudi atachelewa kuingia, na wote watachelewa naye.

Unarudi lini Dar?

Mgeni wa Mbeya:

Mwezi ujao, tarehe za mwanzo.

Mzee Besi:

Niandikie pembeni ukijua siku. Sijaingia ukumbini tangu goti lilipoanza kunisumbua, lakini kukaa naweza. Meza ya upande wa besi, ya pili kutoka ukutani. Mtoto wa Kondoa naye aje, nataka kujua huyo baba yake fundi cherehani alikuwa nani, kwa sababu nadhani mimi ndiye niliyekuwa nabandikiwa karatasi ya "besi".

Mtoto wa Kondoa:

Mzee. Mashati ya rangi ya maziwa, kola ndefu, kifungo cha juu kila mara kilikuwa kinakubana na baba alikuwa anakiongezea kitanzi?

Mzee Besi:

Cha juu, ndiyo. Na kitanzi cha uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha.